Mbio za magari mjini: nani analipa, nani anakula?

Jioni moja kwenye kibanda cha rolex, yaani chapati iliyokunjwa na mayai, hapa Walukuba, Jinja, niliwasikiliza watu wanne wakibishana nusu saa nzima kuhusu mbio za magari. Wa kwanza, kijana wa bodaboda, alisema mji wenye akili hauwezi kuziacha, kwa sababu siku ya rali yeye huwa na pesa ya siku tatu mfukoni kabla jua halijafika utosini. Wa pili ana shamba la mahindi kijijini. Barabara ya kwao ilipitiwa na magari hayo, na mvua ya kwanza iliyofuata ikaigeuza mto. Wa tatu alitaka kujua kwa nini Kigali waitake Formula One na Kampala ikae kimya. Wa nne, mzee aliyestaafu kiwandani, alikumbusha kwamba zamani Safari Rally, rali maarufu ya Kenya, ilipita Uganda na hakuna aliyeomba hesabu. Muuza rolex, mkono mmoja ukigeuza chapati, akawaambia: "Mnagombana nini, wakati kila mtu anazungumzia harusi yake?"

Walicheka, mimi pia nikacheka, ila njiani kurudi nyumbani niliona yule kijana wa chapati amewazidi wote. Swali la kama mji uendelee kupokea mbio za kimataifa au uachane nazo huulizwa kana kwamba ni moja. Ndani yake mna maswali matatu au manne, na kila moja lina jibu lake.

Mbio zipi?

Tuanze na majina, maana vurugu inaanzia hapo. Langalanga, ambayo kilele chake ni Formula One, ni magari yanayofukuzana kwenye njia moja ya lami iliyofungwa, mzunguko baada ya mzunguko. Rali ni mchezo mwingine. Gari huondoka peke yake, jingine hufuata baada ya dakika chache, na ndani ya kila gari wamo dereva na mwelekezi anayemsomea kona kutoka kwenye daftari: kushoto kali, kulia pole, daraja, kaa katikati. Wanashindana na saa. Uwanja wao ni barabara zilezile tunazopita na baiskeli zilizosheheni matoke, zikiwa zimefungwa kwa saa chache. Kila kipande kinachopimwa muda huitwa mkondo.

Tofauti hiyo ndiyo inayobeba bei. Kuandaa langalanga ni kama kujenga ukumbi wa harusi kuanzia msingi. Lazima kuwe na lami ya kiwango maalumu, kuta za kinga, majengo ya mafundi, zahanati ya kisasa pembeni mwa njia, na wakaguzi wa kimataifa waridhike kabla gari la kwanza halijawashwa. Kuandaa rali ni kama kupiga turubai uani kwa jirani: uwanja upo tayari, unaazima, unafagia, unarudisha. Adha ya kuazimisha vitu tunaijua sote, na nitaifikia.

Halafu lipo neno "kimataifa". Shirikisho la magari duniani, FIA, lililoanzishwa mwaka 1904, lina mashindano ya ngazi mbalimbali. Kileleni mwa rali kuna ubingwa wa dunia, WRC, ambao Safari Rally ya Kenya ni mojawapo ya duru zake. Kuna pia ubingwa wa Afrika, ulioanza mwaka 1981, na humo ndimo ilimo Pearl of Africa Rally ya kwetu, iliyo chini ya shirikisho la vilabu vya magari la Uganda, FMU. Mtu akisema tuna rali ya kimataifa kama Kenya, hajadanganya, ila ni kama kusema Jinja na Kampala yote ni majiji. Ni kweli, Jinja ni jiji tangu Julai 2020, lakini ziweke bajeti zao mbili mezani uone.

Mzee wa kiwandani naye hakuwa anaota. Safari ilizaliwa mwaka 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Shekhar Mehta, aliyeishinda mara 5, alizaliwa Uganda. Alikuwa miongoni mwa Wahindi walioondoka Amin alipowafukuza mwaka 1972, na mwaka uliofuata akaichukua Safari kwa mara ya kwanza akiwa upande wa Kenya. Ubingwa wa Afrika ulipoanzishwa, bingwa wa kwanza alikuwa yeye. Mwaka 1999 taji hilo likaja kwetu kwa Charles Muhangi. Mwaka 2011 Susan Muwonge akawaacha wanaume wote nyuma na kuwa mwanamke wa kwanza kuchukua ubingwa wa taifa. Nayataja haya kwa sababu wapo wanaodhani rali kwa Waganda ni kuiga wazungu. Hatukuanza jana.

Mwenyeji ni watu watatu

Tukisema mji fulani ni mwenyeji, tunaficha watu watatu ndani ya neno moja. Wa kwanza ni mwenye mbio: anamiliki jina, kalenda na haki za matangazo. Kwenye Formula One, kanuni za mchezo ziko kwa FIA, lakini biashara yake tangu mwaka 2017 ni mali ya kampuni ya Marekani, Liberty Media. Wa pili ni mwandaaji wa ndani, yaani shirikisho au kampuni inayouza tiketi, kutafuta wadhamini na kupanga wasimamizi wa njia. Wa tatu ni mji: barabara, polisi, gari la wagonjwa, mabomba ya maji, takataka za Jumatatu, na wakazi ambao hawakuulizwa.

Fikiria kwanjula, sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha mchumba nyumbani kwa binti. Familia ya binti ndiyo wenyeji. Mahema yamekodiwa Kampala, mshereheshaji ametoka Kampala, wapiga muziki hali kadhalika. Jirani anauza soda mpaka kreti zinakwisha, vijana wa boda wanabeba mashangazi waliovaa gomesi, fundi wa nywele hajalala usiku kucha. Kijiji kizima kinasema shughuli imefana. Jumatatu asubuhi baba wa binti ameketi na daftari, anajumlisha madeni. Je, pesa ilizunguka pale? Ilizunguka sana. Je, baba ametajirika? Hilo ni swali jingine kabisa, lakini kwenye habari za mbio maswali haya mawili hushonwa pamoja kwa uzi wa neno moja tu, "faida".

Utaratibu wa malipo nao unafanana na wa kwanjula. Mwenye mbio kubwa hulipwa kwanza, kwa ada iliyoandikwa kwenye mkataba, mvua inyeshe au isinyeshe. Kwenye langalanga, pesa za runinga na za mabango makubwa ya pembeni mwa njia kwa kawaida huenda kwake pia. Mwandaaji wa ndani hubaki na tiketi. Tiketi zisipotosha, pengo linazibwa na serikali. Mji wenyewe uko mwisho wa foleni. Unapata kile ambacho wageni wanakitumia wakiwa hapa, ukitoa kile ambacho umekitumia ili waweze kuja.

Hoteli zilijaa, kwa hiyo?

Huu ndio ushahidi unaoletwa kila mara: hoteli zilijaa. Sawa. Tuseme hoteli moja pembeni mwa Nile ina vyumba 30, na wikendi ya kawaida hujaza 18. Wikendi ya mbio vimejaa vyote, na meneja anatangaza kwamba rali imemletea vyumba 30. Lakini vile 18 vingejaa hata kama hakuna injini iliyowashwa. Mbio zimeleta 12. Tena kwenye hao 18 wa kawaida, wapo waliokuja kupanda mitumbwi kwenye maporomoko, wakakuta bei imepanda na barabara imefungwa, wakahamia kwingine; vyumba vyao vilijazwa na watu wa rali, kwa hiyo hapo hakuna kilichoongezeka. Na kwenye wale 12, wangapi ni maofisa waliolipiwa na serikali yetu? Hiyo ni pesa iliyotoka mfuko wa kulia kwenda mfuko wa kushoto wa suruali ileile.

Hapa pana jambo ambalo hata wachumi wa redioni hulipita haraka. Shabiki anayetoka Kampala kuja Jinja na kula samaki wa laki moja, kwa Jinja ni neema tupu. Kwa Uganda hajaongeza kitu, maana laki hiyo angeila Kampala. Shabiki anayetoka Eldoret au Kigali ni neema kwa wote wawili. Kwa hiyo mbio zilezile zinaweza kuwa faida kwa mji na hasara kwa Hazina, au kinyume chake. Kabla hujamjibu mtu anayeuliza kama mbio zinalipa, muulize anasimama kwenye mfuko wa nani.

Halafu kuna pesa inayopita tu bila kukaa. Timu kubwa huja na mafundi wake, matairi yake, mafuta yake, wakati mwingine hata mpishi wake. Mdhamini huleta hema lake na bia yake. Ukitaka kujua pesa inayokaa, shuka chini. Niliwahi kusimama kwenye kona moja katikati ya miwa, upande wa Kakira, siku ya mkondo. Mama mmoja alikuwa na karai la mandazi, ndoo ya maji ya limau na binti wa kuoshea vikombe. Ilipofika saa nne asubuhi karai lilikuwa limekwisha. Akamtuma binti kwa boda akalete unga kutoka Bugembe. Gari likipita, alifunika ndoo kwa kanga ili vumbi lisiingie, akihesabu sarafu gizani chini ya kanga hiyohiyo. Unga wa Bugembe, boda ya jirani, ada ya shule ya binti: pesa yake haikuvuka daraja la Nile. Mama huyu haonekani kwenye taarifa yoyote ya "mapato ya mbio", wakati yeye ndiye hoja bora kuliko zote za kuziendeleza.

Jambo la kuudhi ni kwamba kupima haya si kazi ngumu kiasi hicho. Serikali za mitaa za Uganda zina kodi ya hoteli, inayotozwa kwa kila chumba kilicholaliwa, kila usiku. Rejista ipo. Linganisha usiku wa mbio na usiku wa wikendi kama hiyo mwezi uliotangulia na mwaka uliotangulia, na utapata tarakimu yako bila kumlipa mtaalamu yeyote kutoka nje. Kama hoteli hazitoi takwimu za kweli kwa sababu zinakwepa kodi, basi hata hilo lina maana: zinataka mbio, lakini hazitaki kuzichangia.

Wenzetu wamefanya nini

Singapore ilianza langalanga yake ya usiku mwaka 2008 na ikalikabili suala hili waziwazi. Serikali hulipa takriban asilimia 60 ya gharama, lakini hoteli, ambazo ndizo zinazovuna wiki ile, hutozwa tozo maalumu juu ya mapato yao ya vyumba, na zilizo kando ya njia hulipa zaidi. Anayekula ndiye anayenunua kuni. Huenda ndiyo sababu ugomvi wa pale haujawa mkali kama kwingine.

Valencia, Uhispania, ilipata mbio za mitaani mwaka huohuo wa 2008. Wananchi waliahidiwa kwamba hazingegharimu umma hata euro moja. Baada ya mbio za mwaka 2012 magari hayakurudi, na walipa kodi waliachiwa madeni pamoja na vipande vya njia vilivyotelekezwa bandarini. Somo langu hapo ni dogo tu: ukisikia mbio za bure, tafuta ankara imefichwa kwa nani.

Melbourne ni kesi tamu zaidi, kwa sababu imeishi na swali hili tangu mwaka 1996, ilipoichukua Formula One kutoka Adelaide. Mbio hufanyika kwenye bustani ya umma, Albert Park, na wakazi waliopinga walifunga utepe wa manjano kwenye miti. Mwaka 2007 Mkaguzi Mkuu wa jimbo la Victoria alipiga hesabu ya mbio za mwaka 2005 na kukuta gharama zimezidi faida kwa karibu dola milioni 7 za Australia. Je, waliacha? Mkataba wao sasa unafika mwaka 2037. Wanajua wanapoteza pesa, na wameamua kwamba jina la mji wao kutajwa duniani kila mwaka lina thamani yake. Mtu anaweza kukubali au kukataa, lakini angalau hesabu iko hadharani na wanabishana juu ya kitu kimoja.

Na Adelaide walionyang'anywa? Walilia, kisha mwaka 1999 wakaanzisha mbio zao za mitaani za magari ya Australia, za bei nafuu, kwenye sehemu ya njia ileile. Serikali ya jimbo ikazifuta mwaka 2020. Uchaguzi ukaja, serikali ikabadilika, na mwaka 2022 mbio zikarudi. Malaysia waliishikilia Formula One pale Sepang kuanzia mwaka 1999, wakaona gharama zinapanda na watazamaji wanapungua, wakakatisha mkataba mwaka mmoja kabla haujaisha. Mara ya mwisho ilikuwa 2017. Pikipiki za MotoGP, zilizokuwa zikijaza uwanja, wakazibakiza.

Nimezirefusha habari hizi kwa makusudi, kwa sababu zinajibu hofu iliyozoeleka: kwamba tukiacha tumeaibika na hatutapata tena. Mfano ulio karibu zaidi uko hapo tu ng'ambo ya Busia. Safari ilitolewa kwenye ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002. Kenya haikufa. Mwaka 2021 mbio zikarudi, kituo chake kikiwa Naivasha, serikali ya Kenya ikiwa imefungua mkoba. Mbio ni kama bodaboda ya stendi: abiria mwenye nauli hakosi kupakiwa. Kinachokosekana ni nauli.

Vumbi, kona na watu

Kuhusu runinga nitasema kidogo. Ni kweli picha za swala na magari yenye matope zinapendeza, na hakuna aliyewahi kuonyesha kwa uhakika ni wageni wangapi waliokata tiketi ya ndege kwa sababu hiyo. Ichukulie kama bonasi. Usiiweke kwenye bajeti.

Barabara ndizo zinazogusa watu. Gari la rali linasukuma kwa magurudumu yote manne, na matairi yake yana meno. Likiingia kona ya murramu kwa kasi linachimba. Changarawe inarushwa pembeni, linabaki tuta katikati na mifereji miwili ya magurudumu. Magari hamsini yakipita palepale, mara mbili, maji ya mvua yamekwisha kuchorewa ramani. Hapo ndipo mkulima wa mahindi na mwandaaji wanaposema ukweli wote wawili. Mwandaaji anasema greda ilipita, na kweli ilipita: kabla ya mbio. Mkulima anazungumzia wiki iliyofuata.

Nani alete greda ya pili? Barabara kuu za taifa ziko chini ya Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi, lakini mikondo ya rali hupendelea zile ndogo, ambazo ni mzigo wa wilaya, jiji au kijiji chenyewe. Kwa hiyo bendera ya taifa inapepea na wilaya inabaki na mashimo. Sioni dawa nyingine zaidi ya ile wanayotumia wenye kumbi za harusi: weka amana kwanza. Mwandaaji aweke pesa ya ukarabati kabla ya magari kuwashwa, wahandisi wa wilaya wapige picha za kila mkondo kabla na baada, na amana irudi barabara ikirudi. Kuna watakaosema masharti haya yatafukuza mbio. Mwenye ukumbi anayeomba amana hajawahi kukosa harusi.

Na watu? Mwaka 1955, kwenye mbio za Le Mans, Ufaransa, gari liliruka na kuingia kwenye umati. Waliokufa walizidi 80. Uswisi ikapiga marufuku mbio za mzunguko nchini mwake, na ilichukua zaidi ya miaka 60 kabla magari ya umeme ya Formula E hayajashindana mitaani Zurich mwaka 2018. Rali ni ngumu zaidi kuilinda kuliko langalanga, maana hakuna ukuta. Kilomita kumi na tano za mkondo ni kilomita kumi na tano za mahali pa kusimama. Kwetu sisi mtazamaji anapenda kusimama upande wa nje wa kona, pale hasa gari linapoelekea likishindwa. Nimeona watoto wa shule wamekaa hapo juu ya tuta kama ndege juu ya waya, na msimamizi mmoja mwenye filimbi akiwabembeleza. Ada ya uenyeji inaweza kujadiliwa mpaka kesho. Hili la kona, kama mji hauna watu wa kutosha wa kuwaondoa watoto hapo, sioni cha kujadili. Mkondo huo ufutwe.

Kwa hiyo Kampala iitake Formula One?

Desemba 2024, FIA ikiwa kwenye mkutano wake mkuu Kigali, Rais Kagame alitangaza kwamba Rwanda inataka kuandaa Formula One. Tangu siku hiyo swali la Kampala halijatoka vibandani. Afrika iliwahi kuipokea michezo hii: Morocco mwaka 1958 pale Casablanca, na Afrika Kusini, ambako mbio za mwisho zilikuwa Kyalami mwaka 1993. Tangu hapo bara zima halijapata.

Maoni yangu, na mtu anaruhusiwa kuyapinga: kwa Kampala, hapana. Ada tu ya mwaka mmoja ni makumi ya mamilioni ya dola, na hapo hujamwaga lami. Njia ya langalanga hufanya kazi ya kweli siku tatu kwa mwaka. Siku nyingine zote inadai kufyekewa majani. Korea Kusini ilijenga yake Yeongam na ikapata misimu minne tu, 2010 hadi 2013. India ilijenga karibu na Delhi na ikapata mitatu, 2011 hadi 2013, huku serikali ya jimbo ikidai kodi kwa hoja kwamba ile ni burudani na si michezo. Sisi tuna kumbukumbu yetu ya karibu: mkutano wa Jumuiya ya Madola wa mwaka 2007, ambao hesabu zake Bunge lilizifukua kwa miaka baada ya wageni kwenda zao. Mji ambao mvua ya saa moja inafunga barabara zake za katikati una mahali pengine pa kumwaga lami.

Kwa rali na kwa mji kama Jinja, jibu langu ni ndiyo, iendelee, kwa sababu ukumbi tunao tayari na yule mama wa mandazi anauhitaji. Lakini isiendelee kwa mazoea. Mji una sauti siku moja tu, siku ya kutia saini. Baada ya hapo anayesema ni mkataba. Ningependa madiwani wetu wakae siku hiyo na mambo matatu mezani: rejista ya kodi ya hoteli ya mara iliyopita, picha za barabara kabla na baada, na ramani ya kona zenye majina ya wasimamizi. Na miaka iwe michache, miwili au mitatu. Anayetaka kumi ana sababu zake.

Niliporudi kibandani wiki iliyofuata, mvua ilikuwa imetukuta sote pale, kijana wa boda na mkulima wakiwa wamebanana kwenye benchi moja. Ndipo nilipoinua macho. Paa la kibanda ni bango la rali ya miaka iliyopita. Jina la mdhamini limefifia, limebaki gurudumu nusu na tarakimu moja. Nilimuuliza muuza rolex alilipata wapi. Akasema lilianguka kwenye kona siku ya mwisho ya mbio, hakuna aliyerudi kulichukua, na mpaka sasa halijawahi kuvuja.